Songwe Ihesabu Ndege Wake

Mwezi Oktoba ni mwezi wa vumbi mkoani Songwe. Mvua za msimu, ambazo kwetu Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na kukoma Aprili, bado hazijafika. Majani yamechomwa moto au yameliwa, na maji yaliyobaki yamejikusanya kwenye mito michache, kwenye madimbwi ya mbuga na kwenye malambo yaliyochimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Wakati huohuo, Ulaya na Asia ya kaskazini miti inapukutisha majani, wadudu wanatoweka kwa baridi, na ndege kwa mamilioni wanashika njia ya kusini. Wengi wao hupita juu ya vichwa vyetu au hushuka kwetu: mbayuwayu, keremkerem, korongo weupe, kozi, bata wadogo waliototolewa Urusi, na vitwitwi wa aina nyingi. Nina hoja moja tu juu yao. Kuwatazama ndege hawa na kuwahesabu, malamboni na malishoni, kila mwaka na mahali palepale, ni kazi inayotuhusu sisi tunaoishi hapa kabla ya kumhusu mtalii au mtafiti wa mbali. Na anayefaa kuifanya kuliko wote ni yule ambaye tayari yuko lamboni kila siku akinywesha mifugo.

Litazame lambo kwa karibu. Kiangazi kikielekea mwisho, maji hurudi nyuma na kuacha ukanda mpana wa matope uliotobolewa na kwato. Kila ukwato umeacha kishimo, na kila kishimo kimebakiza maji kidogo yenye viluwiluwi vya mbu na vijidudu vingine. Hapo ndipo kitwitwi mdogo, mwenye mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, hupita kishimo baada ya kishimo akidonoa, huku sehemu yake ya nyuma ikipanda na kushuka bila kutulia. Miezi michache iliyopita ndege huyo alikuwa akilea makinda kando ya mto wa huko kaskazini. Miguuni mwa ng'ombe kuna mwingine, mwembamba, mwenye tumbo la njano na mkia mrefu usiokaa kimya. Huyo hafuati maji, anafuata nzi wanaofurushwa na kwato. Kwenye matawi makavu wamekaa keremkerem. Ukimwangalia mmoja aliyekamata nyuki utamwona akimpigapiga na kumsugua kwenye tawi mpaka sumu imtoke, ndipo anameza. Yote haya hayadai gari wala kiingilio. Yanadai mtu aliyetulia, jua likiwa mgongoni mwake, asubuhi kabla mifugo haijafika au jioni ikishaondoka.

Kwamba ndege hawa huja kwa wingi, jiografia yetu inalieleza vizuri. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, unamwaga maji yake pande mbili. Ileje huyapeleka Ziwa Nyasa kwa mto Songwe unaotutenganisha na Malawi. Upande wa kaskazini, mto mwingine wenye jina hilohilo la Songwe, pamoja na mto Momba, huteremka hadi Ziwa Rukwa. Rukwa ni ziwa la magadi lenye kina kifupi, halina mto unaotoka, kwa hiyo hupanda na kushuka kadiri ya mvua na jua. Ukubwa wake hautabiriki: Joseph Thomson alipoliona mwaka 1880 alilipa jina la mfalme wa Ubelgiji, na kabla ya karne ile kwisha wasafiri waliomfuata walikuta sehemu kubwa yake imekuwa uwanda mkavu. Ziwa la namna hiyo huacha tope jipya na majani mafupi kila mwaka, na tope na majani mafupi ndiyo meza ya ndege wahamiaji. Halafu kuna kuta za Bonde la Ufa. Korongo na tai hawapigi mabawa safari nzima. Huegemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na kwa sababu hewa hiyo haipandi juu ya maji mapana, hukwepa bahari ya Mediterania kwa kuzunguka kupitia Israeli na Sinai, kisha hufuata Nile na Bonde la Ufa. Miteremko ya Ufipa na Mbozi inayoangalia Rukwa iko kwenye mkondo huo.

Neil na Elizabeth Baker, ambao kwa miaka mingi wamekusanya kumbukumbu za atlasi ya ndege wa Tanzania, waliiweka Rukwa kwenye kitabu chao cha mwaka 2002 kinachoorodhesha maeneo muhimu ya ndege nchini. Hata hivyo Tanzania ilipojiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 2000 na baadaye kuorodhesha ardhi oevu zake nne, yaani Malagarasi na Muyovozi, bonde la Ziwa Natron, Kilombero, na Rufiji, Mafia na Kilwa, Rukwa haikuwamo. Sisemi haya kwa kulalamika. Nayasema ili msomaji ajue kwamba upande huu wa nchi hauna mwangalizi rasmi wa kutosha, na kwamba kumbukumbu ikipatikana itatokana na watu wa hapahapa.

Elimu ya kuhama kwa ndege yenyewe ina historia inayotupa moyo. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya hawakujua mbayuwayu na korongo huenda wapi wakati wa baridi. Wapo walioamini kwamba hulala chini ya maziwa, tope likiwafunika mpaka joto lirudi. Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa korongo mweupe aliyekuwa amechomwa shingoni na mkuki wenye urefu wa takriban sentimita 80, mkuki uliotengenezwa Afrika ya kati. Ndege huyo, ambaye hadi leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock, alikuwa ameruka nao bara zima. Ushahidi ulioituliza Ulaya, basi, ulitoka mkononi mwa Mwafrika aliyemwona korongo yule akiwa huku. Baadaye zilikuja pete. Mdenmark Hans Christian Mortensen alianza mwaka 1899 kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba, na mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza Mei 1911 alikutwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Hata hapo, pete isingesema lolote kama mtu wa Natal asingeitazama na kutoa taarifa. Maisha ya ndege mhamiaji yana ncha mbili, na anayeangalia ncha moja anajua nusu tu ya habari. Miaka 200 tangu korongo wa Klütz, ncha ya kaskazini imejaa madaftari. Ncha yetu bado ina kurasa nyingi tupu.

Kuna ushahidi mwingine, wa nyumbani zaidi, kwamba kuhesabu viumbe katika bonde la Rukwa si anasa. Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu walienea karibu Afrika yote iliyo kusini mwa Ikweta. Chimbuko lao likafuatiliwa mpaka kwenye nyanda chache zenye majani na mafuriko ya msimu, Rukwa ikiwa mojawapo na Mweru wa Ntipa ya Zambia nyingine. Mwaka 1949 mkataba ulitiwa saini kuunda shirika la kimataifa la kudhibiti nzige hao, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, kwa upande wa Zambia. Sehemu kubwa ya kazi ya shirika lile ilikuwa kupita nyanda zilezile msimu kwa msimu, watu wakitembea majanini na kukadiria nzige ni wangapi, ili waliozidi wapigwe kabla hawajaungana kuwa kundi la kuhama. Uvamizi mkubwa wa namna ya ule wa 1930 haujarudi tena. Mmoja wa wanasayansi wao, Desmond Vesey-FitzGerald, hakuishia kwenye nzige. Aliwatazama pia ndege wanaowala, na mwaka 1955 aliandika makala kuhusu ndege kama maadui wa nzige wekundu. Na mwaka 2009, nzige walipoongezeka tena Rukwa, Malagarasi na nyanda za Katavi, FAO na washirika wake walitumia dawa ya kuvu inayoua nzige bila kudhuru ndege na samaki, wakaizuia hatari mapema. Hilo liliwezekana kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakiangalia.

Fundisho la nzige ndilo ninalolitaka kwa ndege, nalo ni la utaratibu. Mtu akipita lamboni mara moja akaona korongo mia, amepata furaha, na furaha si kitu kidogo, lakini hajapata habari. Habari huzaliwa pale lambo lilelile linapotazamwa juma lilelile la Oktoba na Novemba, mwaka baada ya mwaka, na idadi ikaandikwa hata inapokuwa sifuri. Wazoefu wote wa kazi hii huja kukubaliana juu ya sifuri. Anayeanza huandika alichokiona, na siku asiyoona kitu hufunga daftari akaenda zake. Ukurasa wa siku ile ndio ambao miaka 10 baadaye ungesema jambo. Lambo lililokuwa na vitwitwi 40 likibaki bila hata mmoja ilhali maji yapo, kuna kitu kimebadilika: huenda tope limejaa mchanga, huenda dawa za shambani zimeteremka na maji, huenda kingo zimelimwa mpaka majini. Ndege peke yao hawatatuambia ni kipi kati ya hivyo, ila watatuambia kwamba inafaa tuulize, na kuuliza mapema ni rahisi kuliko kuhangaika mifugo ikishaanza kuyakataa maji. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakizungumzia biashara, lakini maji ya Momba na Kamsamba ni mali pia.

Najua jibu la kwanza litakalotolewa. Kutazama ndege, watu husema, ni starehe ya Wazungu wenye darubini za bei kubwa na kofia pana, na mkoa wenye shida ya maji, barabara na soko la kahawa hauna muda huo. Jibu hili lina ukweli ndani yake, kwa sababu utalii wa ndege nchini umejengwa kwa ajili ya mgeni. Lakini linachanganya kazi na vazi la anayeifanya. Tanzania tunao mfano wa wanakijiji waliokabidhiwa kazi ya kuhesabu viumbe wadogo na kuifanya vizuri: Kilosa, ambako wakulima wenyewe waliangalia mitego ya nondo wa viwavijeshi na kipimo cha mvua, kisha wakatoa utabiri kwa kijiji chao badala ya kungoja taarifa ya mbali. Hakuna aliyesema kwamba kuhesabu nondo ni starehe, kwa sababu kila mtu aliona uhusiano wake na mahindi. Na korongo mweupe anahusiana na mahindi hayohayo. Chakula chake huku ni panzi, nzige na viwavijeshi, na kundi linaposhuka kwenye shamba au kwenye ranchi wakati mvua za kwanza zimechipusha majani, mara nyingi kuna wadudu waliojaa pale. Mkulima anayejua kusoma kundi la korongo amepata taarifa bila gharama. Darubini husaidia, tena sana, na ya kawaida haizidi bei ya simu. Lakini korongo, kozi, keremkerem na bata huhesabiwa kwa macho matupu na mtu yeyote aliyezoea kuwaona.

Pingamizi la pili ni la wakulima wa mpunga na mtama, nalo lina uzito. Wao wanawajua ndege kwa jina la kwelea kwelea. Ndege huyu mwenye uzito wa gramu 20 hivi hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja, ambalo kwa kwelea si kubwa, huondoa tani 10 kila siku. Mtu aliyeamka alfajiri na kushinda shambani akipiga debe na kurusha mawe mpaka jua linazama hana haja ya kuambiwa ndege ni neema. Lakini kwelea ndiye anayetufundisha zaidi thamani ya kujua nani ni nani. Dawa ya fenthion inayonyunyizwa na ndege za serikali na mashirika ya kudhibiti visumbufu inaua kwelea waliolala, na inaua pia bundi, mwewe na wengine wanaolala matetini pamoja nao au wanaokula mizoga yao. Dawa ikimwagwa mahali ambapo kwelea walishahama jana, imemwagwa bure na madhara yakabaki. Anayeweza kusema kundi limelala matete yapi, tangu lini, na pamoja na ndege gani wengine, ni mtu wa kijijini anayeangalia kila jioni. Kondoa wameenda mbali zaidi, huwatega kwelea na kuwala, na hilo nalo haliwezekani kwa asiyejua mahali pao pa kulala. Chuki dhidi ya kwelea ni halali. Kutowatofautisha na keremkerem au mbayuwayu ndiko kunakoleta hasara mara mbili.

Wengine watasema ndege hawa si wetu: huzaliana kwao, huja kwetu kula miezi michache, kisha huondoka, kwa hiyo wenye kuwahangaikia wawe Warusi na Wajerumani. Jibu nililo nalo linatoka India. Kozi wa Amur, ndege wa gramu 150 hivi anayezaliana Siberia ya mashariki na China ya kaskazini, husafiri kila mwaka hadi kusini mwa Afrika, na njiani huvuka Bahari ya Hindi bila kutua. Kabla ya kuivuka hukusanyika kwa wingi wa ajabu kwenye bwawa la umeme la Doyang, jimbo la Nagaland. Mwaka 2012 ilifichuka kwamba wanakijiji walikuwa wakiwakamata pale kwa nyavu za kuvulia, na makadirio ya msimu ule yalikuwa kati ya kozi 120,000 na 140,000. Mwaka uliofuata hakukamatwa hata mmoja. Wenye kijiji wenyewe, wakishirikiana na makanisa, serikali na wahifadhi, waliamua hivyo, na Novemba ile kozi watatu walifungwa vifaa vya satelaiti na kupewa majina ya Naga, Wokha na Pangti, Pangti kikiwa kijiji kilichokuwa kikiongoza kwa uwindaji. Kozi haohao ndio huonekana Tanzania Novemba na Desemba, mvua za kwanza zinapofukuza kumbikumbi ardhini. Mtoto wa Mbozi anayekimbia na chungu kukusanya kumbikumbi, na kozi anayewanyakua angani juu yake, wanakula sahani moja. Watu wa Pangti wangeweza kusema ndege si wao, maana kwao hukaa wiki chache tu. Walichagua kusema kwamba mahali ndege anapotegemea kupumzika, mwenye mahali pale ana neno. Songwe nayo ina neno kwa mantiki hiyohiyo.

Pingamizi zito kuliko yote, kwa maoni yangu, halisemwi hadharani mara nyingi. Wafugaji wanaogopa kwamba mahali pakishaandikwa kuwa pana ndege wa maana, hatua inayofuata ni bango, kisha askari, kisha amri ya kuondoka. Hofu hii haikuota yenyewe. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao kwa ajili ya kulinda ardhi oevu ya Ihefu na mto Ruaha Mkuu, na eneo lile likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Familia zilizopita humo zinajua gharama yake. Wafugaji wa Kisukuma walioingia bonde la Rukwa tangu miaka ya 1970 nao wana kumbukumbu zao za kuhamishwahamishwa. Kumwambia mtu kama huyo kwamba ahesabu ndege kwa ajili ya mazingira, bila kusema daftari litakaa wapi, ni kumdharau. Kwa hiyo nasema wazi: daftari likae kijijini, kwa mwenyekiti wa kitongoji au shuleni, na nakala itoke kwa ridhaa ya kijiji. Tena ukweli wa lambo uko upande wa mfugaji. Lambo lisingekuwepo bila ng'ombe, na bila ng'ombe majani ya ukingoni yangepanda mpaka korongo na kiluwiri wa majani mafupi wasipate pa kutua. Vivyo hivyo kwa ranchi kubwa, kama ile ya Kalambo upande wa Ufipa inayomilikiwa na Kampuni ya Ranchi za Taifa: nyasi zilizolishwa kwa kiasi ni mahali pazuri pa ndege wanaowinda wadudu chini. Palipolishwa kupita kiasi mpaka ardhi ikawa tupu, ndege hupungua kama malisho yanavyopungua. Daftari la miaka mingi linaweza kuonyesha tofauti hiyo, na mfugaji aliye nalo mkononi ana ushahidi wake siku atakapoambiwa kwamba mifugo ndiyo inayoharibu kila kitu. Asiye nalo atabishana kwa maneno matupu dhidi ya ripoti ya mtu mwingine.

Kuna sababu nyingine ya kutazama ambayo mji wa mpakani kama Tunduma unapaswa kuielewa haraka. Januari 2017 wavuvi na wakazi wa kando ya Ziwa Victoria nchini Uganda waliona membe wahamiaji wenye mabawa meupe wakifa kwa wingi. Vipimo vikaonyesha homa kali ya mafua ya ndege, na ugonjwa ukakutwa pia kwa bata na kuku wa kufugwa. Taarifa ya kwanza haikutoka maabara, ilitoka ufukweni. Mwaka huohuo wa 2017, mwezi Oktoba, serikali yetu ilichoma vifaranga 6,400 Namanga kwa kuogopa ugonjwa kuvuka mpaka. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya hatua ile, lakini inaonyesha jinsi hofu ilivyo kubwa. Tunduma tuna Kituo cha Pamoja cha Forodha na Nakonde, kilichozinduliwa na marais wa nchi mbili Oktoba 2019, na kila lori linapita kwenye karatasi. Lambo ambamo bata wa mwitu kutoka Asia huogelea maji yaleyale wanayokunywa bata na kuku wa kijiji halipiti kwenye karatasi yoyote. Simwombei mtu hofu wala simshauri yeyote awafukuze ndege, kwa sababu kuwafukuza huwatawanya tu. Nataka awepo mtu anayejua hali ya kawaida ya lambo ilivyo, ili siku ndege 20 watakapokutwa wamekufa ukingoni ajue kwamba si kawaida, asiwaguse kwa mikono mitupu, na amwite afisa mifugo.

Songwe tunajua kukitunza kitu kilichotoka angani. Kimondo cha Mbozi, chenye tani zinazokadiriwa kuwa 16, kimekaa Ndolezi na kina jengo lake, watumishi wake na wageni wake. Ivuna, kule Momba, kilianguka kimondo kingine tarehe 16 Desemba 1938, kidogo kuliko mkate, na wanasayansi wa dunia nzima wanalitaja jina la Ivuna kwa sababu yake. Vyote viwili vilikuja mara moja. Ndege huja kila mwaka, mwezi huohuo, na hatuna hata mstari mmoja wa kumbukumbu zetu wenyewe wa kumwonyesha mgeni au mjukuu.

Wapo watakaosema tungoje sensa za kitaalamu. Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, iliyoanza mwaka 1967, hufanyika Januari, nayo ina faida kubwa kwa sababu nchi nyingi huhesabu kwa wakati mmoja. Januari kwetu, hata hivyo, ni katikati ya masika: barabara za bondeni zimekatika, maji yametapakaa kila mahali, na ndege wametapakaa nayo. Oktoba na Novemba, maji yakiwa machache, ndege nao wamekusanyika na njia zinapitika. Mtaalamu wa Dar es Salaam au Arusha hawezi kuwa Kamsamba kila Jumamosi ya miezi hiyo. Mwanafunzi wa sekondari anaweza. Akiwa na simu, programu ya eBird itapokea hesabu yake na kuiweka mahali watafiti wanapoiona. Asipokuwa nayo, kalamu na daftari la mistari vinatosha, mradi aandike tarehe, saa, jina la lambo, hali ya maji, na idadi. Jina la kisayansi si sharti la kuanzia. Akiandika "mweusi, miguu mirefu myekundu, 12" kwa miaka mitatu mfululizo, mjuzi atakuja kulisoma na kumtambua. Na kama kijijini kuna mzee anayemwita ndege yule kwa Kinyiha au Kinyamwanga, jina hilo liandikwe kwanza.

Jumamosi ya pili ya Oktoba ni Siku ya Ndege Wahamiaji Duniani. Naziomba halmashauri za Momba, Mbozi, Ileje, Songwe na Mji wa Tunduma zichague kila moja lambo au bwawa moja, na shule moja iliyo jirani nalo, na siku hiyo hesabu ya kwanza ifanyike, mfugaji na mwalimu wakiwa pamoja. Gharama yake ni daftari moja na asubuhi moja. Mwalimu unayesoma haya karibu na lambo lolote la Songwe, usingoje barua ya halmashauri.